KUSAFIRI PEKE YAKO NA KULALA PAMOJA
Somo juu ya hosteli za vijana katika miji ya Uingereza



Katika jeografia tunajifunza majina ya miji ya Uingereza: London, Liverpool, Manchester, York. Tunajua mji gani ulikuwa na viwanda vya pamba na mji gani uko na bandari. Lakini kuna jambo moja kitabu hakituambii. Kijana asiye na feza nyingi, asiye na ndugu hata mmoja katika miji ile, ataizunguka namna gani? Atakula wapi? Na usiku ukiingia, atalala wapi?

Kwetu jibu ni rahisi: anatafuta mtu wa kabila lake, ao wa kanisa lake. Ukifika mji usioujua, unauliza nyumba ya mchungaji, na hutalala inje. Uingereza si hivyo. Mtu hapigi hodi usiku kwa watu asiowajua. Wale watu hawana roho mbaya, ni desturi yao tu. Basi ilipasa watafute njia ingine ya kupokea mgeni kijana. Njia ile ndiyo somo letu la leo.

1. MANENO YA KUJUA KWANZA

Mwenye mali akisafiri anashuka katika hoteli. Kijana tunayesema juu yake hapa anabeba vitu vyake vyote katika mfuko wa mgongoni: nguo mbili tatu, koti la mvua, kitabu, ramani, mkate. Anakwenda kwa mguu, kwa bisi ao kwa treni, na jioni anaingia hosteli.

Hosteli ni nyumba ambamo mtu halipi chumba, analipa kitanda. Chumba kinaweza kuwa na vitanda 4, 6, 8 ao zaidi, kimoja juu ya kingine. Jiko ni la wote, bafu ni za wote, na kuna chumba kimoja kikubwa cha kukaa na kuzungumza. Watoto wa interna wamekwisha kufahamu! Tofauti ni hii: wewe unalala miezi tisa na watu unaowajua, yeye analala usiku mmoja ao mbili na watu ambao hajapata kuwaona.

Angalisho: katika Kiingereza neno hili linatumiwa vilevile kwa nyumba za kupokea watu wasio na makao. Kwa hiyo wasafiri wanapenda kutaja jina kamili la nyumba wanayotafuta.

2. MWALIMU, WATOTO WA MASOMO NA MVUA YA RADI

Jambo hili halikuanza Uingereza. Lilianza Ujerumani, na aliyelianza alikuwa mwalimu wa shule. Jina lake Richard Schirrmann, na alifundisha katika mji wa Altena. Aliona kwamba watoto wa miji ya viwanda wanakua katika moshi bila kujua msitu wala mto, ndipo akawatoa darasani na kuwafundisha wakiwa wanatembea.

Tarehe 26 mwezi wa 8 mwaka wa 1909 alikuwa njiani pamoja na wanafunzi wake, mbali na nyumbani. Gafula mvua kali ya radi iliwapata. Walikimbilia shule moja ya kijiji, ambayo ilikuwa tupu kwa sababu ya likizo. Walisogeza mabanki ukutani, mkulima mmoja aliwapa majani makavu ya kulalia na maziwa ya kunywa, na watoto wakalala. Mwalimu yeye hakulala. Radi ilipiga usiku kucha, na mawazo yake yalikuwa haya: kila kijiji kiko na shule, na kila shule inakaa tupu wakati wa likizo. Juu ya nini zisiwe nyumba za kupokea vijana wanaosafiri?

Alianza na alichokuwa nacho, ni kusema darasa lake mwenyewe. Mwaka wa 1912 nyumba ya kwanza ya kudumu ilifunguliwa ndani ya ngome ya zamani ya Altena. Tuone vizuri: hakungoja feza nyingi, wala hakujenga kwanza. Alitazama chumba kilichokuwa hakitumiki.

3. MCHUNGAJI WA COLNE NA NYUMBA ZA SHILINGI MOJA

Uingereza nako shamba lilikuwa limekwisha kulimwa. Mbele ya Schirrmann kulikuwa mchungaji mmoja, T. A. Leonard, katika Colne, mji mdogo wa viwanda vya pamba katika jimbo la Lancashire. Wafanyakazi wa viwanda walikuwa na juma moja la mapumziko kwa mwaka. Wengi walikwenda Blackpool, mji wa bahari wenye michezo na pombe, na huko feza walizoweka mwaka mzima ziliisha kwa siku chache. Mchungaji hakusimama katika mimbari kuwalaumu tu. Mwaka wa 1891 alichukua vijana wapatao 30 wa kanisa lake akawapeleka Ambleside, katika inchi ya maziwa na milima. Walitembea kwa mguu, wakala pamoja, na gharama ilikuwa ndogo. Kutoka safari ile kulizaliwa, mwaka wa 1893, chama cha kupanga mapumziko ya namna hiyo kwa watu wa kazi.

Mwaka wa 1930 Waingereza waliunda chama cha hosteli za vijana, kinachoitwa kwa kifupi YHA. Leonard alikuwa kati ya waliokisaidia kuanza, na katibu wake wa kwanza, Jack Catchpool, alikuwa Mkweka, mtu wa lile kanisa la Kiprotestanti linalokataa vita. Ulikuwa wakati mgumu: viwanda vilifungwa, watu wengi hawakuwa na kazi. Lakini kitanda cha usiku mmoja kilikuwa shilingi moja tu, na kusudi la chama lilikuwa kusaidia hasa vijana wenye feza kidogo. Kufika mwaka wa 1939 nyumba zilikuwa karibu 300.

4. SHERIA NA KAZI YA NYUMBA

Namna gani watu wasiojuana wanalala chumba kimoja bila fujo? Jibu ni mambo matatu: bei ndogo, sheria moja kwa wote, na kazi.

Katika miaka ya kwanza mgeni alileta kadi ya chama, na msimamizi wa nyumba aliiweka kwake. Kila mtu alikuja na shuka lake lililoshonwa kama mfuko. Kufika kwa motokari kulikatazwa, kwa kuwa nyumba ilikuwa ya watu wa mguu na wa kinga. Usiku mlango ulifungwa na taa zilizimwa. Asubuhi, mbele ya kuondoka, kila mgeni alipewa kazi: huyu afagie ngazi, yule amenye viazi, mwingine aoshe sufuria. Kazi ikiisha, kadi yako inarudi mkononi. Mtoto wa daktari na mtoto wa mchimba makaa walishika fagio moja. Wakati ule Waingereza waliangalia sana tabaka la mtu, hata kwa namna anavyosema, kwa hiyo fagio lile halikuwa jambo dogo.

Leo mambo yamegeuka. Kazi za asubuhi zimekwisha, shuka unalipata kitandani, mwenye motokari anapokelewa, na mtu asiye na kadi anaingia pia. Tena katika miji mikubwa kuna hosteli nyingi za watu binafsi wanaofanya biashara. Bei si shilingi moja tena: inapanda na kushuka kufuata siku na majira, na siku za sikukuu kitanda kinaweza kuwa gali. YHA yenyewe imepata shida. Mwaka wa 2023 ilitangaza kwamba itauza nyumba 20, sababu gharama zilizidi mapato.

Lakini jiko la wote limebaki. Unaandika jina lako na siku ya kuondoka juu ya mfuko wa chakula chako, unauweka katika friji. Ukimaliza kupika unaosha sufuria, kwa maana mwingine anaingoja. Mara nyingi kuna sanduku la vitu ambavyo wageni wameacha kwa ajili ya wengine: chumvi, mchele nusu mfuko, majani ya chai. Aliyeacha mchele hatamjua aliyeula.

5. SAFARI MOJA KWENYE RAMANI

Tuchukue ramani. Tuseme kijana mmoja ameshuka London, na anataka kwenda polepole mpaka kaskazini.

Bedford. Ni karibu kilometa 80 kutoka London, na kwa treni haifiki saa moja. Hapa alifungwa John Bunyan, fundi wa kutengeneza sufuria, kwa sababu alihubiri bila ruhusa ya serkali. Alikaa kifungoni kutoka 1660 mpaka 1672. Mwaka wa 1678 alitoa kile kitabu chake juu ya msafiri anayebeba mzigo mgongoni, ambacho kimegeuzwa katika luga nyingi, na Kiswahili pia. Kijana wetu na mfuko wake atakifahamu vizuri! Hapa anashinda mchana tu.

York. Huu ni mji wa zamani sana. Mwaka wa 306 askari wa Roma walimtangaza Konstantino kuwa kaisari pale pale. Ukuta wa mji ungali umesimama, na mtu anatembea juu yake karibu kilometa 3 na nusu bila kulipa. Kanisa kubwa lilijengwa zaidi ya miaka 200, likamalizika mwaka wa 1472. Mtalii anayeingia kutazama analipa, lakini anayeingia kuabudu halipi. Msafiri mwenye akili anakwenda jioni wakati wa ibada, anakaa, anasikiliza waimbaji, na anaona kanisa likifanya kazi iliyolijengesha. Hosteli ya YHA ya York iliwekwa katika nyumba iliyokuwa ya jamaa ya Rowntree, Wakweka waliotajirika kwa kutengeneza chokoleti. Kitanda cha kijana kiko mahali tajiri alipopokea wageni wake.

Liverpool. Treni inapita Leeds na Manchester, inavuka milima ya Pennines. Hapa Mkongo atasimama na kufikiri. Bandari hii ilituma meli nyingi za biashara ya watumwa, mpaka sheria ya mwaka wa 1807 ilipoikataza. Tena karani mmoja wa kampuni ya meli ya mji huu, E. D. Morel, alitazama vitabu vya mizigo akaona jambo la ajabu: meli zilitoka Kongo zimejaa mpira na pembe, lakini zilirudi Kongo na bunduki na risasi, si na vitu vya kununulia. Alifahamu kwamba ule mpira haununuliwi, unanyanganywa. Mwaka wa 1904 chama cha kutetea watu wa Kongo kiliundwa Liverpool. Wamisionari John na Alice Harris, waliokuwa Baringa, walizunguka miji ya Uingereza wakionyesha kwa taa, juu ya ukuta, picha ambazo Mama Alice alipiga: watu waliokatwa mikono. Watu wa miji hii, hata wale wa viwanda, waliziona na wengi wakapaza sauti. Mwaka wa 1908 mfalme Leopold alinyanganywa Kongo, ikawa koloni la Ubelgiji. Taabu haikuisha siku ile, lakini uongo ulikuwa umefunuliwa.

Preston. Si mbali, ni upande wa kaskazini. Watalii wengi wanaupita. Lakini ndugu zetu wa Katanga wanajua jina hili: hapa palikuwa ofisi ya misheni ya William Burton na James Salter, waliofika Mwanza mwaka wa 1915.

Ambleside. Treni inaishia Windermere. Kutoka pale kijana anatembea kando ya ziwa, saa moja na nusu mpaka mbili, na anafika hosteli iliyo karibu na maji. Ndiyo inchi ile ambako mchungaji Leonard alileta vijana wake wa viwanda. Katika njia hizi za milima Waingereza, ambao mjini wanapitana kimya, wanasalimiana. Mtu atakuuliza umetoka wapi na mvua itanyesha ao hapana.

6. FAIDA NA HATARI YA KUWA PEKE YAKO

Mtu wa kwetu atauliza: juu ya nini aende peke yake kama mchawi? Swali ni zuri. Wanaosafiri hivyo wanajibu kwamba ukienda na rafiki, unasema luga yako mchana kutwa na unatazama rafiki zaidi kuliko mji. Ukiwa peke yako, inabidi kuuliza njia, kusoma tangazo, kuhesabu feza, kuamua. Aliyesoma Kiingereza darasani miaka minne atasema Kiingereza zaidi katika majuma mawili ya namna hii. Tena aliye peke yake anakaribishwa mezani upesi, maana wengi wa pale wako peke yao vilevile.

Lakini hatari ziko. Hizi ni sheria ambazo wasafiri wenye mazoezi wanashika:

a) Kuomba kitanda mapema. Siku ya juma la mwisho na wakati wa likizo nyumba zinajaa.
b) Kufika mbele ya giza. Mwezi wa sita kaskazini jua linashuka nyuma ya saa tatu ya usiku. Mwezi wa kumi na mbili linashuka mbele ya saa kumi ya mchana.
c) Paspoti na feza zikae mwilini, si katika mfuko. Kufuli ndogo ni yenye faida, maana hosteli nyingi ziko na makabati.
d) Kila siku mtu mmoja ajue unakwenda wapi, hata kama yuko mbali.
e) Msichana anaweza kuomba chumba cha wanawake peke yao. Asione haya kuuliza.
f) Ukiona nyumba chafu ao watu wa fujo, ondoka. Feza ya usiku mmoja haipiti uzima wako.
g) Kule motokari zinapita kushoto. Mkongo anayevuka barabara atazame kwanza kuume!

Kuna na upweke wenyewe. Siku ya mvua, katika mji usio na mtu anayekujua jina, roho inashuka. Hiyo si ugonjwa. Dawa ni kuingia jikoni na kuuliza mtu: «Unapika nini?»

Tuseme kweli tena: kwa Mkongo mlango wa kwanza si wa hosteli, ni viza, na viza ya Uingereza ni gali na si rahisi kuipata. Wengi kati yetu hawataiona York. Basi somo hili ni la nini?

7. NA SISI?

Tunajisifu kwamba Mwafrika anapokea wageni. Ni kweli. Lakini tujiulize: anapokea nani? Anapokea ndugu, mtu wa kabila, mtu wa kanisa lake. Mwanafunzi anayefika mji mwingine kufanya Egzameni ya Serkali na hana mtu pale, analala wapi? Msichana aliyekosa motokari ya mwisho? Mzee aliyeleta mgonjwa hospitalini? Hapo ukarimu wetu unatafuta jina la ukoo kwanza. Tena hata ndugu anayepokea anachoka: nyumba ni vyumba viwili, watoto saba, na mgeni anakaa miezi.

Waingereza hawakuwa na desturi yetu, lakini walitafuta njia ya kupokea mtu asiye wa mtu. Bei ndogo, ili mgeni asiwe mwombaji. Sheria moja, ili asiogopwe wala asiogope. Kazi ya asubuhi, ili asiwe mzigo. Mambo haya matatu hayaombi otel wala feza kutoka inje. Schirrmann alikuwa na darasa tupu na majani makavu.

Katika inchi yetu tumeona mara nyingi madarasa yakilaza watu waliokimbia vita, bila mtu kutayarisha neno. Kama tunaweza kufanya hivyo katika taabu, hatuwezi kupanga katika amani? Katika likizo kubwa mabanki yetu yanalala peke yake karibu miezi miwili. Vyumba viwili, kimoja cha wavulana na kimoja cha wasichana, mwalimu mmoja wa zamu, daftari ya kuandika majina, ndoo, fagio: hicho ni kiasi cha kuanza. Tusome Matayo 25.35 na Waebrania 13.2, na tuangalie kama mistari ile inauliza kabila la mgeni.

MASWALI YA KUJIFUNZA

1. Eleza tofauti ya otel na hosteli.
2. Mwalimu Schirrmann aliona nini usiku wa mvua ya radi ambacho wengine hawakukiona?
3. Mchungaji Leonard aliwafanyia nini vijana wa Colne pahali pa kuwalaumu tu?
4. Kazi ya asubuhi ilisaidia namna gani matajiri na maskini kukaa pamoja?
5. Onyesha kwenye ramani: Bedford, York, Liverpool, Preston, Ambleside. Mji gani uko na habari ya Kongo, na habari gani?
6. Morel alijua namna gani kwamba mpira haununuliwi?
7. Kwa mazungumzo katika darasa: shule yetu ikipokea wanafunzi wasafiri wakati wa likizo, sheria tano za kwanza ziwe zipi? Kila darasa iandike zake na kuzipeleka kwa prefe.